Mbuzi Waliolala Kando ya Tope la Moto

Mbuzi watatu wa kwanza niliwakuta wamelala. Walikuwa wamekunja magoti na videvu vimegusa udongo, kama wanavyolala mchana wakishashiba. Nilimsukuma mmoja kwa ncha ya buti, akaanguka ubavu. Hakukuwa na damu wala povu mdomoni. Hatua chache kutoka walipolala, tope la kijivu liliendelea kutokota taratibu kwa sauti ile ya uji mzito wa uwele: pu, kimya kidogo, pu.

Mwenye mbuzi alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Alisimama juu ukingoni mwa kibonde, hakutaka kushuka.

"Daktari," aliniita, "mbuzi hafi amepiga magoti. Hawa wamepewa kitu."

Sikuwa daktari. Nilikuwa afisa mifugo wa kata, mwaka wa pili kazini huko Chemba, na mafunzo yangu niliyapata kwetu Mpwapwa. Lakini watu waliniita daktari, nami nilikuwa nimeacha kuwasahihisha. Niliwapasua wale mbuzi palepale. Sikuona jani la sumu tumboni wala ugonjwa ninaoujua. Damu ilikuwa nyeusi kuliko kawaida, basi. Nikaandika kwenye daftari: *Chanzo hakijulikani.* Nikafikiri, nikaongeza: *Inawezekana ni sumu.*

Ninaposema kibonde, msidhani ni bonde kubwa. Mtu mwenye mkono mzuri akirusha jiwe kutoka ukingo mmoja linafika wa pili. Chini kabisa kuna vidimbwi vya tope linalochemka, na pembeni yake chemchemi ya maji ya moto yanayotiririka kwenye mfereji mwembamba. Maji yale yakikauka huacha ukoko mweupe wa magadi. Harufu yake ni ya yai lililooza, na wenyeji wameizoea hata hawaitaji. Mifugo inaupenda ule ukoko. Tangu zamani watu wamekuwa wakiishusha pale kuramba, na husema ng'ombe aliyeramba vizuri huongeza maziwa.

Nilipofika kata ile nilikuta ugomvi. Mifugo yote ilishushwa saa zilezile, jua likishapanda, ng'ombe na mbuzi pamoja. Ng'ombe waliwakanyaga mbuzi, na wenye mbuzi walitukanana na wenye ng'ombe. Nikaandaa ratiba. Mbuzi wangeshuka Jumatatu na Alhamisi alfajiri, kabla jua halijatoka, na ng'ombe wangeshuka mchana. Niliiandika kwa kalamu za rangi tatu na kuibandika kwenye mlango wa ofisi ya kata. Ilianza baada ya mavuno, baridi ya kipupwe ilipoingia, na ugomvi ulikwisha wiki ileile. Mtendaji alinisifia mbele za watu.

Mbuzi wale watatu walikufa Jumatatu.

Wa kwanza kunitajia mtu wa kushukiwa alikuwa mdogo wake mwenyekiti, ndiye aliyechunga mbuzi wa kaka yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha puani.

"Muulize mama wa chumvi," alisema. "Kila tukishuka alfajiri tunamkuta. Zamani hakuwepo."

"Una hakika hakuwepo?"

"Daktari, mimi nimezaliwa hapa. Huyo mama hatujawahi kumwona kibondeni asubuhi. Ameanza sasa hivi, na mbuzi wameanza kufa sasa hivi. Jumlisha mwenyewe."

Nilijumlisha, na hesabu ilinikubalia.

Mama wa chumvi alikuwa mjane wa makamo, amekuja kuolewa kutoka milima ya Kondoa. Mume alipofariki hakurudi kwao, na jambo hilo la kutorudi bado lilikuwa likizungumzwa. Alikwangua ukoko wa magadi, akaujaza kwenye tenga lililotandikwa nyasi, akaumiminia maji ya moto ya chemchemi, na yale yaliyochuruzika chini aliyachemsha nyumbani mpaka yakabaki magadi safi, ambayo pale waliyaita chumvi. Wafanyabiashara wa Majengo kule Dodoma mjini waliyachukua, kwa sababu mboga ya mlenda iliyotiwa magadi yake haikuwa na mchanga. Hakuwa na shamba la maana wala mifugo. Kibonde kile kilikuwa ndilo shamba lake.

Nikaanza kumwangalia.

Nilitafuta jiwe ukingoni upande wa mashariki, nikakaa pale asubuhi nyingi, nimejifunika koti, daftari gotini. Niliandika saa aliyofika na kitu alichobeba. Alikuja giza likianza kupungua, amejitanda khanga mbili, na mkononi ana fimbo ndefu ambayo kwenye ncha yake alifungia kijinga cha moto. Alishuka polepole. Kila baada ya hatua kadhaa aliinama na kukishusha kile kijinga karibu na ardhi, akakitazama. Kisha hatua nyingine, na kuinama tena.

Siku nyingine kijinga kiliendelea kuwaka, naye alifika mpaka chini na kufanya kazi. Siku nyingine, akiwa katikati ya mteremko, kijinga kilizimika. Hapo aligeuka bila kusita na kurudi nyumbani na tenga tupu.

Sijapata kuona mtu akifanya kitu cha ajabu kwa utulivu namna ile. Niliandika: *Anachoma kitu bondeni kabla mbuzi hawajashuka.*

Asubuhi moja nilimngoja njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekaa upande mwingine."

Kumbe alikuwa ananiona siku zote. Nilijikaza.

"Unachoma nini kule chini?"

"Sichomi kitu. Natazama."

"Unatazama nini?"

"Moto."

"Moto unautazama ili iweje?"

Alinitazama kidogo, kama mtu anayepima kama mteja ana nia ya kununua. "Nyinyi mna karatasi yenu mlangoni," alisema. "Mimi nina moto wangu." Akaondoka.

Niliandika maneno yale kama alivyoyasema. Wakati ule niliyaona ni ya kiburi.

Alhamisi ya wiki ya pili walikufa mbuzi watano. Nilikuwa ukingoni. Niliona yule mama akishuka mapema, kijinga kikazimika hata hajafika katikati, naye akageuka. Juu njiani alikutana na mdogo wake mwenyekiti akiwaswaga mbuzi. Upepo haukuwepo kabisa, na sauti zao zilinifikia.

"Leo usiwateremshe," alisema mama.

"Kwa nini?"

"Leo ni pabaya."

"Pabaya kwa nani? Unanitisha, mama? Nenda kapike magadi yako." Akacheka, akawapigia mbuzi mluzi.

Walishuka wakirukaruka. Yeye alibaki ukingoni kama kawaida, maana mbuzi hawahitaji mtu wa kuwaonyesha magadi. Waliokuwa mbele walifika kwenye ukoko, wakainamisha vichwa. Baada ya muda mfupi niliona mmoja akikunja miguu ya mbele, kisha mwingine. Waliobaki mteremkoni waligeuka wenyewe na kupanda wakipiga chafya.

"Umesikia?" mchungaji alinipigia kelele kutoka upande wa pili. "Umemsikia kwa masikio yako? Amesema, na imekuwa!"

Nilikuwa nimesikia. Niliyaandika yote kwa mpangilio: kijinga, onyo, vifo. Jioni mwenyekiti aliniomba maelezo, nami nikamsomea ukurasa ule. Sikuongeza neno. Mpaka leo hilo ndilo ninalojitetea nalo, na ndilo linalonisumbua, kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kweli.

Mwenyekiti alisikiliza, kisha akasema, "Basi. Tutakutana Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala, darasani pale shuleni. Daktari utasoma hayo. Yule mama aache kibonde, na kama ana kwao aende kwao."

Siku moja kabla ya mkutano nilitaka kukamilisha kazi. Nilikuwa na maelezo ya mashahidi, lakini sikuwa na sumu yenyewe. Nikaamua kuchukua udongo pale mbuzi walipolala, niutie kwenye chupa, nipeleke mjini ukapimwe. Ilikuwa imeamuliwa mbuzi wasiteremshwe tena mpaka mkutano, kwa hiyo kibonde kilikuwa changu peke yangu. Nilishuka alfajiri.

Baridi ilikuwa kali. Nyasi za ukingoni hazikutikisika. Nilifika chini nikiwa mzima kabisa, nikaona alama za magoti ya mbuzi bado zipo kwenye udongo laini. Karibu yake alikuwepo chiriku mmoja amekufa, mbawa amezikunja vizuri. Nilipiga magoti na kuanza kuchota udongo kwa kijiko.

Kwanza niliona napumua haraka, kama mtu aliyepanda mlima. Kisha moyo ulianza kudunda masikioni. Nikafikiri: sumu, iko hapa hapa udongoni, nimeigusa. Nilitaka kufunga chupa lakini vidole havikukubali kukutana na mfuniko. Nilisimama kwa kuyumba, nikashika hewa. Nikiwa wima nilianza kupata nafuu. Niliinama tena kuiokota chupa, na kizunguzungu kikarudi palepale.

Nilisimama nikabaki hivyo. Kisha nikatoa kiberiti mfukoni. Nilikiwasha usawa wa kifua, kikawaka vizuri. Nikakishusha. Kilipofika chini ya goti moto ulizimika, haukupeperuka wala kutoa moshi, kana kwamba mtu ameubana kwa vidole. Niliwasha cha pili, cha tatu, cha nne. Vyote vilifia pale pale, chini ya goti, kwenye urefu wa kichwa cha mbuzi anayeramba.

Nilipanda ukingo kwa mikono na miguu.

Huko kwetu Mpwapwa, mafundi wa visima hawamshushi mtu kabla ya kushusha koroboi kwa kamba. Likizimika, hakuna anayeshuka siku ile. Wanasema kisima kina hewa mbaya. Kila mtoto anajua, na mimi nilijua. Ila sikuwahi kufikiri kwamba kibonde kilicho wazi, chenye mbingu juu yake, kinaweza kuwa kisima. Hewa ile ilikuwa ikitoka chini na tope na maji ya moto, nzito, na usiku wa baridi usio na upepo ilijaa chini kama maji kwenye karai. Jua likipanda na upepo ukianza, iliondoka.

Jua likipanda. Nilikaa kwenye lile jiwe langu nikalifungua daftari. Nilikuwa nimemtafuta mkosaji kwenye kila ukurasa isipokuwa ule wa kwanza, ambako nilichora kwanza ile ratiba. Miaka yote mifugo ilishuka mchana, na hakuna aliyekufa. Mimi ndiye niliyewapeleka mbuzi alfajiri. Na yule mama hakuwa ameanza kuja asubuhi. Alikuja asubuhi siku zote, kabla mifugo haijakanyaga ukoko wake, ila hakukuwa na mtu wa kumwona mpaka ratiba yangu ilipowaleta watu saa zile.

Sitasema nilikimbia kwenda kumwambia mwenyekiti. Nilikwenda nyumbani, nikanywa chai. Nilijiambia ninaweza kueleza habari ya hewa bila kugusa habari ya ratiba. Hewa ni ya Mungu, haina mwenyewe.

Darasa lilijaa. Wanaume walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Mama wa chumvi alikaa mbele, peke yake kwenye dawati la watu watatu, khanga imefunika mpaka kidevu. Tenga lake na fimbo yake vilikuwa vimeshaletwa na kuwekwa sakafuni kando ya meza.

Mwenyekiti alinipa nafasi. Nilieleza hewa mbaya, nikaeleza kiberiti, nikaeleza koroboi la kisimani. Nilisema kijinga cha yule mama kilikuwa kinafanya kazi ileile. Watu walinisikiliza kwa adabu ambayo sikuipenda.

"Daktari," alisema mwenyekiti, "wiki iliyopita ulinisomea mengine."

"Ndiyo, mzee. Nilikuwa sijashuka."

"Amekupa nini?"

"Amemlisha mlenda!" alisema mdogo wake, na darasa zima likacheka. "Mlenda wa magadi! Ukishuka kooni husemi tena!"

Mwenyekiti alinyanyua mkono wakanyamaza. Hakuwa mjinga yule mzee. "Nikuulize moja tu. Baba yangu alirambisha mifugo pale. Babu yangu alirambisha pale. Hiyo hewa yako ilikuwa wapi miaka yote hiyo? Imeanza kuua mwaka huu, mwaka ambao huyu mama ameanza kuonekana alfajiri. Nieleze hilo, nami nitanyamaza."

Niliangalia sakafuni. Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa moja. Nikinyamaza, lile swali lingebaki limesimama pale katikati ya darasa, na yule mama angetoka mlangoni na tenga lake asijue anakwenda kutengeneza chumvi wapi. Kule Kondoa hakuwa na mtu tena. Hilo nililiandika mwenyewe.

"Haikuanza mwaka huu," nilisema. "Kilichoanza mwaka huu ni ratiba. Zamani mlishuka jua likiwa juu. Mimi ndiye niliyewaambia mpeleke mbuzi alfajiri."

Mtu mmoja nyuma alisema kitu kwa Kigogo, na waliokaa karibu naye wakageuka kunitazama.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema mwenyekiti polepole.

"Ni mimi, mzee."

Alimgeukia yule mama. "Na wewe, kama ulijua, mbona hukusema?"

Ndipo aliposema kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilisema. Nilimwambia huyu mdogo wako, leo usiwateremshe. Akasema namtisha. Mama mkwe wangu alinifundisha moto, naye alifundishwa. Ningesema zaidi mngeniuliza nimejuaje. Sasa si ndicho mnachoniuliza?"

Mwenyekiti hakuamua siku ile. Alisema Jumatatu alfajiri twende sote, na koroboi litakuwa la kwake, kamba ya kwake, na atakayeshika ni yeye. "Simwamini daktari," alisema, "na huyu mama simwamini. Taa yangu naiamini."

Jumatatu tulikuwa watu kumi na kitu ukingoni, tumejifunika mablanketi. Hapakuwa na upepo. Mwenyekiti aliwasha koroboi lake, akalifunga kwenye ncha ya mti mrefu, akashuka hatua chache na kulisogeza mbele, chini, mpaka karibu na udongo. Likazimika. Alilivuta, akalitikisa kusikia kama lina mafuta, akaliwasha tena. Likazimika tena. Mara ya tatu aliwaamuru watu wote wasogee nyuma, na yule mama apelekwe mbali mpaka njiani, asionekane hata khanga yake. Likazimika.

"Ameshaliharibu koroboi tangu nyumbani," alinong'ona mdogo wake.

"Limelala chini ya kitanda changu!" alifoka mwenyekiti. "Nyamaza."

Alilirudisha koroboi, akatazama tope likitokota chini. Kisha akasema mama aitwe. Alipofika, mzee hakumwomba radhi, alisema tu, "Tenga lako liko kwangu. Mke wangu atakupa." Kuhusu mbuzi alisema kuanzia siku ile hakuna kushuka mpaka kijinga cha yule mama kiwake mpaka chini. Ratiba niliibandua mwenyewe baadaye asubuhi ileile, watu wakiniangalia.

Tulingoja wote pale mpaka jua lilipopanda na vumbi jembamba kuanza kutembea ukingoni. Mama alikwenda akarudi na tenga, na kijinga kipya kikiwaka. Alishuka mbele yetu sote, akiinama na kunyanyuka, mpaka akafika chini kabisa, moto unawaka. Akageuka.

"Wateremsheni."

Hakuna aliyeteremsha. Wenye mbuzi walimtazama yeye, wakamtazama mwenyekiti, wakautazama ule moto. Mtu mmoja alisema, si kwa sauti ya chini, "Na kama huo moto ndio unaoua?"

Mama aliinyoosha fimbo kuelekea juu, upande wake. "Njoo ushike wewe."

Yule mtu alicheka, hakutoka alipokuwa.

Basi nilishuka mimi. Nilipita penye alama za magoti ya mbuzi, nikapiga magoti hapo hapo kwa makusudi, mbele za watu, na kuvuta pumzi. Ilikuwa hewa ya kawaida yenye harufu ya yai. Juu yangu nilisikia kengele ya mbuzi wa kwanza akianza kushuka, kisha wengine wakamfuata.

Mama alikuwa ameshaanza kukwangua. Nilisimama karibu naye, nikamtazama. Alijaza tenga, akachota maji ya moto kwa kibuyu, akamimina taratibu kwa mzunguko, akachota tena.

"Daktari," alisema bila kunyanyua kichwa, "kama umemaliza kuniangalia, niondolee kivuli. Sioni ninachomimina."

Nilisogea pembeni. Alikuwa ameshamimina vibuyu vinne. Sikuwa nimekusudia kuvihesabu.